Akili mnemba imeandika programu ya korosho. Kazi iliyobaki ni ipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Newala, nilihitimu stashahada ya TEHAMA mwaka jana. AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, imeniomba nitengeneze programu ya simu ya kurekodi korosho kuanzia mkulima anapopima mzigo hadi anapolipwa. Nimetumia akili mnemba, na kwa jioni chache programu imesimama: inasajili mkulima, inaandika kilo, inapiga hesabu, inatuma ujumbe. Nilipomwonyesha mwalimu wangu wa chuo alisema kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwenyekiti naye anasema kompyuta ndiyo iliyoandika, kwa hiyo hana cha kunilipa zaidi ya bando. Kazi iliyobaki ni ipi hasa, na nimwelezeje mwenyekiti? Msimu unafunguliwa Oktoba.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli. Mwenyekiti naye usimwone mbishi: kabla ya jioni zile hapakuwa na kitu, sasa kipo, na anajua hukukesha ukiandika msimbo mstari kwa mstari. Kwa macho yake kazi imekwisha. Wewe ndiye wa kumwonyesha sehemu ambayo skrini haiwezi kuionyesha, na huwezi kumwonyesha kabla hujaifanya.

Anza na daftari la msimu uliopita. Mwombe katibu lile lililokwisha kufungwa, ambalo wakulima walilipwa na mkaguzi akalipitia. Chagua kituo kimoja cha kupimia, uingize kila mzigo uliopimwa pale kama ulivyoandikwa, tarehe kwa tarehe, kisha iache programu ipige hesabu ya malipo. Halafu linganisha na kile ambacho kila mkulima alipokea kweli benki. Hesabu zitakataa. Usikimbilie kuiambia akili mnemba irekebishe. Kaa na karani, chukua mkulima mmoja mmoja ambaye namba zake zimepishana, uulize: kwa nini huyu alipata pungufu, kwa nini yule amezidi?

Hapo ndipo utakapoijua kazi yenyewe. Karani atakwambia huyu alileta mara tatu ndani ya siku chache, kila mzigo ukaangukia mnada wake, na kila mnada una bei yake. Yule mzigo wake ulifika ghala kuu, wakulima wakaikataa bei iliyotajwa, ukalala hadi mnada uliofuata. Mwingine korosho zake ziligawanywa, sehemu daraja la kwanza na sehemu la pili. Kuna karani anayetoa uzito wa gunia tupu kabla ya kuandika, na mwenzake anayeandika uzito mzima kisha akaja kutoa mwishoni mwa ukurasa. Kuna kilo zilizopungua kwa sababu korosho ziliendelea kukauka kati ya mizani ya kijijini na mizani ya ghala kuu, na wanachama ndio waliokaa wakaamua upungufu huo ubebwe vipi. Kuna mzee aliyefariki katikati ya msimu, malipo yake yakasubiri warithi. Kuna shamba la mume na mke lenye namba moja ya usajili: mke ndiye anayeleta mzigo, mume ndiye mwenye akaunti ya benki, na wakigombana wote wawili wanakuja kwa karani.

Hakuna hata moja kati ya hayo uliloiambia akili mnemba, maana nawe ulikuwa huyajui. Na tabia ya zana hizi, ambayo nataka uielewe vizuri kuliko jambo lolote lingine katika jibu hili, ni kwamba mara nyingi hazisimami kuuliza penye pengo. Zinaliziba kwa dhana. Dhana zenyewe zina mantiki kwa mtu asiyeijua korosho: bei moja kwa daraja, mkulima mmoja akaunti moja, mzigo mmoja malipo mamoja. Skrini inatoka safi, vitufe vinafanya kazi, nawe unaona kazi imekwisha, kumbe kuna maamuzi mengi ya kifedha yaliyofanywa humo ndani bila mtu yeyote kuyaamua. Kuyafukua ni kazi yako, na hakuna njia ya mkato. Unaweza kuisaidia zana ikusaidie kwa kuiagiza, kabla haijaandika chochote, iorodheshe kila jambo ililodhania. Itakutajia mengi, ila yale ambayo haikujua kuwa haiyajui haitayataja.

Kila kanuni utakayoipata iandike kwenye daftari la kawaida, kwa Kiswahili cha karani, pamoja na jina la aliyekwambia na mfano mmoja wenye namba. Mfano huo ugeuze kuwa jaribio la kudumu ndani ya programu: mizigo hii, bei hizi, makato haya, jibu lazima liwe shilingi fulani. Kila utakapoomba badiliko, hata la rangi ya kitufe, endesha majaribio yote upya. Zana hizi zinaweza kurekebisha hapa zikaharibu pale na kukutangazia kwa ujasiri kwamba kila kitu kiko sawa, kwa sababu zinafanyia kazi kile tu ulichoziwekea mbele, na makubaliano ya wiki iliyopita hayamo humo usipoyarudisha wewe.

Kanuni zenyewe nazo hazitulii. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ilianza kwenye korosho msimu wa 2007/2008 na imekuwa ikibadilishwa tangu hapo. Watu wa Kusini hawajasahau Novemba 2018: wakulima walikataa bei za minnada, Rais John Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya Jeshi yakaja kusomba mzigo, kisha ukafuata uhakiki wa wakulima ili kuwatenga wa kangomba, walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi. Programu iliyojengwa juu ya dhana kwamba kila mzigo una mnada wake ingekwama siku ileile. Msimu wa 2024/2025 minnada ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kwa hiyo bei, makato na njia ya mauzo usiviache vikae ndani ya msimbo. Viweke mahali ambapo mhasibu wa chama anaweza kuvibadilisha mwenyewe, kila badiliko likiwa na tarehe ya kuanza kutumika, ili malipo ya Oktoba yasije yakageuka eti kwa sababu kanuni ilibadilika Desemba.

Linalofuata kwa uzito ni mtandao. Mezani kwako, bando lipo na foleni haipo, kila ukibonyeza kitufe mzigo unahifadhiwa. Kwenye mizani, watu wamejipanga tangu alfajiri, mtandao unakatika katikati ya kubonyeza. Karani anaona kiduara kinazunguka, anabonyeza tena. Mtandao unarudi, maombi yote mawili yanafika kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza rekodi, na kilo 86 zinakuwa 172. Mkulima hatalalamika kuzidishiwa. Chama kitagundua siku kilo za vitabuni zitakapokataa kulingana na za ghala kuu, na wakati huo hakuna anayekumbuka ni mzigo gani. Dawa yake inajulikana: simu itengeneze namba ya pekee ya kila mzigo kabla ya kuutuma, na seva ikiiona namba hiyo kwa mara ya pili irudishe jibu lilelile la kwanza bila kuhifadhi upya. Simu yenyewe ihifadhi mzigo kwanza, ndipo itume, na ionyeshe wazi mzigo upi umeshafika na upi bado. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku ya namna hiyo ikitokea katikati ya msimu, karani aweze kupima kuanzia asubuhi hadi jioni bila mtandao hata kidogo, na mkulima aondoke na risiti ya karatasi mkononi.

Haya huwezi kuyathibitisha kwa kuiuliza akili mnemba kama iliyafanya. Azima simu ileile anayotumia karani, ya bei nafuu, iliyojaa picha na video. Weka hali ya ndege sekunde ileile unapobonyeza kuhifadhi. Izime katikati. Pima mzigo kwenye simu mbili kwa mkulima mmoja kwa wakati mmoja. Ingiza kilo 860 badala ya 86 uone kama kuna anayeuliza. Ni kazi ya kuchosha na haina sifa, lakini kasoro zinazoumiza watu hupatikana hapo.

Yapo mengine madogo nitakayoyapitia haraka. Fedha usizihifadhi kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta. Kwa njia hiyo 0.1 kujumlisha 0.2 inatoa 0.30000000000000004, na kwenye maelfu ya mizigo mhasibu atakuta jumla haifungi. Hifadhi senti na gramu kwa namba kamili, mkubaliane mtakadiria wapi. Saa: karani akisema saa 2 asubuhi ana maana ya 08:00, lakini kisanduku cha programu kinangoja saa ya Kizungu naye ataandika 02:00. Majina: Mohamedi, Muhamedi na Mohamed anaweza kuwa mtu mmoja katika vitabu vitatu, na Hamisi Saidi wanaweza kuwa watu watano katika kijiji kimoja, kwa hiyo jina pekee lisiwe kitambulisho cha mtu.

Na ujumbe wa simu. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyokuwemo kwenye orodha ya herufi za mfumo huo, ujumbe mzima hufungashwa kwa namna nyingine na nafasi inashuka hadi 70. Ritifaa, ile alama ya kwenye ng', ikiwa imenyooka imo kwenye orodha. Iliyopinda, ambayo kompyuta hupenda kuiweka yenyewe, haimo. Likipita jina lenye ng', la mtu au la mahali kama Ng'apa kule Lindi, ujumbe wa herufi 150 ambao kwa jirani ni mmoja unakuwa tatu, na chama kinalipia zote tatu. Ritifaa hiyohiyo, safari hii iliyonyooka, ikiingia kwenye amri ya kanzidata (hifadhi ya taarifa za programu) iliyoandikwa ovyo, inaikata amri katikati, na mtu mbaya anaweza kuutumia ufa huo kuingiza amri zake. Kwa hiyo sajili mkulima wa majaribio mwenye ng' kwenye jina, uone kinachotokea.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na daftari la karatasi lina jambo ambalo nina shaka programu yako inalo: ukikata namba kwa kalamu, mkato unaonekana. Nina hakika umepewa vitufe vya kuhariri na kufuta, kwa kuwa programu nyingi duniani zinavyo. Kwenye rekodi za mizigo viondoe. Karani akikosea, aandike rekodi mpya ya marekebisho yenye jina lake, saa, na sababu, ya zamani ibaki palepale. Wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, watakapokuja watauliza nani alibadilisha, lini, na kwa idhini ya nani. Programu isiyoweza kujibu hilo inamweka karani mahali pabaya hata kama hakuiba shilingi, na chama cha ushirika kikishatiliwa shaka, wanachama huanza kuwasikiliza wa kangomba.

Usalama nao usiuchukulie kwa neno la zana. Mwaka 2025 ilibainika kwamba kati ya programu 1,645 zilizotengenezwa kwa Lovable, zana ya kuunda programu kwa akili mnemba, na kuchunguzwa, 170 ziliacha taarifa za watumiaji wazi kwa mtu yeyote aliyejua pa kugonga. Skrini za kuingilia zilikuwepo. Nyuma yake kanzidata haikuwa na ulinzi wa kuzuia mmoja asisome ya mwingine. Fungua akaunti mbili za majaribio, ingia kwa moja, jaribu kuvuta rekodi za nyingine kwa kubadilisha namba kwenye anwani ya ombi. Ukizipata, nawe uko kwenye kundi hilo. Angalia pia kama ufunguo wa siri wa kanzidata au wa huduma ya ujumbe umeachwa ndani ya msimbo unaokwenda kwenye simu za watu.

Unashika majina, namba za simu, namba za NIDA na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za namna hii anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mwenye wajibu mkuu hapo ni chama, wewe unachakata kwa niaba yake, na mwenyekiti anapaswa kulijua hilo kabla hajasaini chochote. Kuna jambo moja la kuacha leo hii kama umekuwa ukilifanya: usibandike orodha halisi ya wakulima kwenye mazungumzo na akili mnemba ili ikusaidie kutafuta kasoro. Tengeneza orodha ya majina ya kubuni.

Vilevile tenga seva ya majaribio na seva ya kazi, na zana yako isiwe na ufunguo wa seva ya kazi. Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani Jason Lemkin alieleza hadharani jinsi wakala wa akili mnemba wa Replit, kampuni yenye zana ya kuunda programu, alivyofuta kanzidata halisi ya Lemkin wakati Lemkin alikuwa amemwagiza asibadilishe kitu. Mkuu wa kampuni hiyo alikiri na kuomba radhi. Agizo lako ni maneno tu. Kinachozuia ni ruhusa ambazo hukuzitoa. Nakala rudufu zitengenezwe kila usiku, na kabla ya msimu zirejeshe walau mara moja kwenye seva tupu, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huna hakika nayo.

Sasa turudi kwa mwenyekiti. Atakwambia akili mnemba inaharakisha, na ni kweli inaharakisha kuandika. Lakini taasisi ya utafiti wa akili mnemba ya METR mwaka 2025 iliwapima watengeneza programu wazoefu 16 kwenye kazi 246 halisi: waliporuhusiwa kuitumia walichukua muda zaidi kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini wameokoa asilimia 20. Wale walikuwa kwenye miradi mikubwa waliyoizoea kwa miaka, na zana zimebadilika tangu hapo, kwa hiyo usiutumie utafiti huo kama kipimo chako. Utumie kwa jambo moja tu: mtu anaweza kuhisi amewahi huku saa zinasema amechelewa.

Hata hivyo usimweleze mwenyekiti habari za msimbo wala za Marekani. Mpelekee karatasi moja: majina ya wakulima wa kituo ulichokilinganisha, kiasi walicholipwa kweli, kiasi ambacho programu ya zile jioni chache ingewalipa, na tofauti. Atayasoma mwenyewe. Atawajua watu hao kwa sura, pengine mmoja ni shemeji yake. Chini yake andika kanuni zilizosababisha tofauti na siku ulizotumia kuzipata. Hiyo ndiyo kazi anayokulipa, na akiiona ataielewa kuliko kama ungemhutubia mchana kutwa.

Malipo yagawe mafungu matatu: kujenga na kulinganisha na daftari, kukaa karibu msimu ukiwa wazi, na matunzo msimu ukifungwa. Gharama za uendeshaji zibebwe na chama, usizichanganye na ujira wako: seva, ujumbe, bando la makarani, na usajili wa zana ya akili mnemba, ambao kwa zinazojulikana zaidi ni kama dola 20 kwa mwezi. Hakuna haja ya kuipeleka kwenye duka la Google mwaka huu. Watumiaji wako ni makarani wachache unaowajua, na akaunti mpya ya mtu binafsi hulazimika kwanza kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo.

Kuhusu Oktoba, ushauri wangu ni mmoja na naomba uushikilie hata wakikubembeleza. Msimu huu programu isilipe mtu. Iende sambamba na daftari kwenye kituo kimoja, irekodi kilo tu, na mkulima apokee ujumbe wa kilo zake bila kutajiwa shilingi. Penye tofauti, daftari ndilo lenye neno. Kila jioni kaa na karani mlinganishe ukurasa wa siku hiyo. Msimu ukifungwa mtakuwa na rekodi za kutosha kwenda nazo kwenye mkutano mkuu, na wanachama waamue kama malipo ya msimu ujao yapite humo.

Kwenye mkataba msisahau umiliki. Seva, jina la tovuti na akaunti ya kutuma ujumbe viandikishwe kwa jina la chama, kwa barua pepe ya chama, tangu siku ya kwanza. Nywila kuu ziwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la chama, na daftari lako la kanuni liwe na nakala kwa katibu, ili ukipata ajira Dar es Salaam Januari, mwingine aweze kufungua na kuendelea. Muandike pia nani anapigiwa simu mizani ikiwa wazi na programu imegoma, anatakiwa apokee hadi saa ngapi, na analipwa nini kwa kupokea.